Gramu Si Kila Kitu: Kikaango Chepesi cha Kupanda Nacho Kitulo

Msimu wa maua ya Kitulo ukikaribia, mwishoni mwa Novemba hivi, maswali ya wanaojiandaa kupanda na begi mgongoni huwa ni yaleyale: hema gani, viatu gani, kikaango gani. Kwenye la kikaango (au fraipani, kama wengi tunavyosema) jibu linalozunguka ni moja tu: chukua kilicho chepesi kuliko vyote, yaani cha titani. Orodha za ununuzi zinavipanga vikaango kwa gramu, cha kwanza mpaka cha mwisho, basi. Makala hii inazikosoa orodha hizo, kwa sababu zimepima kilicho rahisi kupima na kuiacha kazi yenyewe ya kikaango.

Pale wanapokuwa sahihi

Tuwape haki yao kwanza. Ukitoka Tandala kwenda juu Kitulo unapanda kuelekea uwanda wa mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Mvua ya msimu wa maua inataka koti na nguo za kubadilisha. Ukienda Juni au Julai, baridi ya usiku inaweza kushusha umande ukaganda, kwa hiyo blanketi zito haliachwi nyumbani. Kila kitu kinagombania nafasi kwenye begi. Na mgongo unaobeba si lazima uwe wako: Kilimanjaro mpagazi anawekewa kikomo cha kilo 20, na kila chombo kizito anachokileta mgeni kinaingia humo. Uzito ni hoja halali kabisa. Swali ni tunaupunguza kwa kupoteza nini.

Hesabu ambayo orodha hazifanyi

Chukua kitako cha kikaango chenye kipenyo cha sentimita 20. Cha titani cha unene wa nusu milimita kina uzito wa gramu 70 hivi. Cha alumini cha milimita 1.5 kina gramu 130 hivi. Cha chuma cha pua cha milimita 1 kinafika gramu 250. Kwa hiyo titani inashinda, lakini inaishinda alumini kwa gramu 60 tu. Huo ni uzito wa yai moja.

Sasa tuangalie joto. Uwezo wa alumini kupitisha joto ni kama 200 (wati kwa mita kwa kelvini), wa titani ni kama 20, wa chuma cha pua ni kama 15. Lakini joto likitaka kutembea kutoka katikati ya kikaango kwenda pembeni, unene nao unahesabika: bamba nene ni barabara pana zaidi. Zidisha namba hizo kwa unene. Alumini inapata 300, chuma cha pua 15, titani 10. Yaani kitako cha alumini kinasambaza joto mara 30 zaidi ya kile cha titani, kwa gharama ya yai moja mgongoni.

Matokeo yake unayaona kwenye jiko dogo la gesi la kambini, lenye mwali mwembamba unaopiga katikati tu. Kwenye titani, katikati panakuwa peusi wakati pembeni yai bado bichi linatetemeka. Na yai lililoungua ni gramu 60 ulizozibeba mlima mzima ukaja kuzitupa.

Kosa limetokea wapi? Nadhani mantiki ya sufuria imehamishiwa kwenye kikaango. Sufuria ya titani ni chombo kizuri sana, kwa sababu ndani yake kuna maji, na maji yenyewe yanazunguka na kusambaza joto. Kwenye kikaango kuna kijiko cha mafuta tu, kwa hiyo kazi yote inaiangukia metali.

Kuna dai jingine linalorudiwarudiwa: kwamba chombo chepesi kinaokoa gesi. Tupige hesabu. Kikaango cha alumini cha gramu 250, kukitoa nyuzi 10 mpaka 180 za Selsiasi kunahitaji kilojuli 38 hivi. Hata tukisema nusu ya joto la jiko linapotea hewani, hiyo ni chini ya gramu 2 za gesi. Upepo wa Kitulo utakula zaidi ya hapo usipoziba jiko vizuri.

Kwa nini ubebe kikaango kabisa

Wengine wanasema acha kikaango, beba sufuria tu, chemsha kila kitu. Kule juu ushauri huo una tatizo. Kwenye mita 2,600 maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, na ukiongeza moto hayapandi zaidi, yanaisha tu. Maharage yatakutesa, na hata viazi vya Makete vinachelewa kuiva. Mafuta hayachemki kwenye joto la kukaangia, kwa hiyo nyuzi 170 au 180 unazipata Kitulo kama unavyozipata Dar. Viazi vikikatwa vyembamba vinaiva haraka, na chapati hazisumbui. Kadiri unavyopanda, kikaango kinazidi kuwa na kazi.

Tahadhari mbili

Ya kwanza ni vikaango vyenye rangi nyeusi isiyogandisha, vile vya Teflon na jamii yake. Utando huo unaanza kuharibika ukipita nyuzi 260 hivi. Kikaango chembamba kikiwa kitupu juu ya moto mkali kinafika huko upesi, na juu ya mafiga ya kuni huna pa kupunguza moto. Kwa gesi na moto wa wastani, sawa. Kwa kuni, hapana.

Ya pili ni vyombo vya alumini ya kusubu, vile vinavyoyeyushwa kutoka kwenye chakavu. Ni rahisi, ni imara, na mafundi wake wanajua kazi. Tatizo ni kilichomo kwenye chakavu. Mwaka 2017 Jeffrey Weidenhamer na wenzake walichapisha vipimo vya vyombo 42 kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwemo. Walichemsha humo tindikali hafifu, na vyombo 15 vilitoa risasi mikrogramu 1 au zaidi kwa kila kipimo cha mililita 250. Kukaanga yai si sawa na kuchemsha tindikali, lakini nyanya na ndimu zinakaribia, na hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, hasa kwa watoto. Orodha za gramu hazigusi jambo hili kabisa.

Hukumu yetu

Kwa jiko la gesi, tafuta alumini iliyotengenezwa kiwandani kwa bamba la milimita 1.5 mpaka 2, yenye mpini unaokunjwa au kutoka. Kwa kuni, mwali ni mpana na unalamba kitako chote, kwa hiyo chuma chembamba kinatosha, ila uzito utaulipa mgongoni. Titani iache kwenye sufuria ya chai.

Kabla ya kuondoka, fanya jaribio hili nyumbani. Nyunyiza unga wa ngano usawa kwenye kikaango kikavu kisicho na utando wa Teflon, kiweke juu ya jiko lilelile utakalobeba, moto mdogo, kisha tazama. Unga ukibadilika rangi kwa pamoja, chombo ni kizuri. Ukiona duara jeusi katikati na pembeni bado peupe, hapo ndipo chapati yako itakapoungulia. Halafu kipime kwenye mizani ya dukani, ukijua sasa gramu hizo zinakununulia nini.