Kumbe ya Mwandishi na Kumbe ya Msomaji

Kiswahili kina neno moja dogo linalofanya kazi ambayo waandishi huihangaikia kurasa nzima: kumbe. Mtu akisema "kumbe", amekiri kwamba jambo alilodhani analijua hakuwa akilijua. Katika Kinyarwanda tunasema burya, na majirani zetu wa ng'ambo ya Mto Rusizi, kule Bukavu, wana kumbe yao ambayo tunaisikia sokoni kila siku. Wahakiki huzungumzia mgeuko wa msuko, na mimi pia nitalitumia neno mgeuko katika makala haya. Lakini kila nikiliandika, sikioni nasikia kumbe.

Makala haya yametokana na hadithi mbaya, na hadithi yenyewe ni yangu.

Katika mwaka wangu wa pili tulitakiwa kuandika hadithi fupi yenye mwisho usiotarajiwa. Niliandika kuhusu msichana wa huku kwetu Rusizi, kwenye kilima kisicho mbali na Kamembe, aliyependana na kijana mwuza isambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu. Wanapendana, wanapanga ndoa, wageni wanaalikwa. Siku ya harusi mzee mmoja anasimama kati ya hotuba na kusema kwamba baba wa bwana harusi ndiye aliyewaua babu na bibi wa bibi harusi katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Chupa ya Fanta inaanguka na kuvunjika, na hadithi inaishia hapo. Darasani nilipigiwa makofi. Mwenzangu mmoja aliyekaa nyuma alisema, "Umetuweza!" Alama nilizopata zilikuwa nzuri.

Wakati wa likizo nilirudi nyumbani, na mama, ambaye hasomi Kiswahili, akaniomba nimsomee. Nikawa namfasiria kwa Kinyarwanda sentensi baada ya sentensi, naye akichambua maharage kwenye ungo. Sikufika mwisho wa ukurasa wa kwanza. Kijana alipotajwa tu, mama aliuliza, "Mwene nde?" Yaani, ni mwana wa nani?

Nikamjibu, "Subiri, mama, utajua mwishoni."

Akaniangalia. "Mwishoni? Kwani huyo binti hana mama?"

Tangu nianze kusoma fasihi sijasikia uhakiki uliokata kama huo. Kwenye vilima vyetu, kijana akianza kuonekana karibu na nyumba yenye binti, swali la kwanza si anafanya kazi gani wala anasali wapi. Ni mwene nde. Kabla ya mahari kuna gufata irembo, watu wa upande wa kijana kuja kubisha hodi kwa heshima, na kabla ya hapo mashangazi wamekwisha kuuliza kila walichoweza kuuliza. Zaidi ya hayo, yaliyotendeka mwaka 1994 hayakusemwa kwa minong'ono tu. Mahakama za Gacaca zilikaa hadharani, mara nyingi kwenye nyasi, mbele ya majirani, hadi zilipofungwa rasmi mwaka 2012. Majina yalitajwa. Kwa hiyo kilima nilichokibuni kilikuwa na watu wa ajabu: mama asiyeuliza, shangazi asiyepeleleza, majirani waliosahau yote kisha mmoja wao akakumbuka siku ya harusi, tena mbele ya kipaza sauti. Sikuwa nimejenga siri yoyote. Nilikuwa nimewaziba midomo wahusika wangu wote ili mimi niseme mwishoni.

Tangu siku hiyo, kila hadithi yenye mgeuko naipima kwa kile ninachokiita swali la mama: je, mgeuko huu unasimama kwa sababu tu hakuna mhusika aliyeruhusiwa kuuliza swali ambalo mtu yeyote wa mahali hapo angeuliza kwanza? Kama ni hivyo, hiyo ni kumbe ya mwandishi. Mwandishi ameificha mfukoni, akaitoa alipotaka. Kumbe ya msomaji ni nyingine. Hiyo humtoka msomaji mwenyewe, kwa sababu kila kitu kilikuwa mbele ya macho yake naye akakiona vibaya.

Mfano wangu bora ni wa zamani, na baadhi ya wenzangu watasema ni wa sekondari. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze (1952), anatupa liwali anayesifiwa kwa wema, halafu anatuonyesha liwali huyohuyo akiwapiga manyani wawili usiku. Anayeona ni Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai. Tazama mambo yalivyopangwa. Jambo la kutisha halikufichwa, limewekwa mezani mapema kabisa. Kilichofichwa ni sababu yake. Na swali la mama linaulizwa pale pale, tena na mtu ambaye hawezi kunyimwa jibu: mfalme anamwita Adili aje na manyani wake aeleze. Hapo ndipo tunapojua kwamba manyani wale ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake wa damu waliomtupa baharini, waliogeuzwa na jini Huria, na kwamba Adili anawapiga kwa amri, wala si kwa ukatili. Tulidhani tumemwona mtu mwema mwenye uovu wa siri. Kumbe tulikuwa tukimwona mtu anayeadhibishwa kwa kulazimishwa kuadhibu. Kitendo ni kilekile, na viboko ni vilevile. Kilichogeuka ni maana. Najua kwamba kisa hiki kina undugu na kimoja cha Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu wanageuzwa mbwa. Hilo halimpunguzii Shaaban Robert kitu, kwa maana kurithi mgeuko ni rahisi kuliko kuujengea nyumba ya kukaa.

Kwa Muhammed Said Abdulla shukrani zangu zina mipaka. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ni kitabu kilichowafundisha wengi wetu kwamba Kiswahili kinaweza kupeleleza. Wazo lake kuu ni mgeuko safi: watu wanaona kifo na kusema mzimu, Bwana Msa na kiko chake anaona mkono wa binadamu. Wote wanatazama mwili uleule mahali palepale. Nalipenda hilo sana. Lakini riwaya za upelelezi zina sura ya mwisho ambamo mpelelezi hukaa na kueleza, na ninapomsoma Bwana Msa akieleza, kuna nyakati nahisi kwamba amenishinda kwa kujua zaidi yangu, si kwa kuona vizuri zaidi yangu. Mhadhiri mmoja alinijibu kwamba hiyo ndiyo raha yenyewe ya tanzu hii. Labda. Mimi raha yangu ni kurudi ukurasa wa ishirini na kujipiga paji la uso.

Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi (1974) kinanirudisha nyuma hivyo, na hata sasa sijakizoea. Kazimoto anamchukia Manase kwa sababu Manase alimpa mimba dada yake, Rukia, aliyekufa baadaye. Anaamua kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase. Mpaka hapo tunajua njia: dada kwa dada. Kisha kisasi kinageuka mkononi mwake. Anamwoa Sabina. Huo ni mgeuko wa kwanza, na mwandishi mvivu angeishia hapo, na harusi, na vigelegele. Kezilahabi anaendelea. Tumekwisha kumwona mtoto wa Manase mwenye kichwa kikubwa, tumemhurumia, tukageuza ukurasa. Mtoto wa Kazimoto anapozaliwa mfu akiwa na kichwa kama kile, hatuambiwi jambo jipya. Tunakumbushwa. Mtu aliyetaka kumlipa Manase amekuwa Manase, na anayetusimulia haya ni Kazimoto mwenyewe, mtu msomi anayejigamba kwamba anaona mbali. Yeye na sisi tulipita mbele ya ishara ileile tukidhani inamhusu mtu mwingine. Anajiua. Mara ya kwanza niliposoma nilifunga kitabu nikatoka nje, nikatembea hadi ziwani.

Hapa wenzangu wawili waliosoma rasimu ya makala haya walinipinga. Walisema: ukiweka ishara nyingi, msomaji atajua, na akijua, taharuki imekufa. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito, maana ndilo lililonifanya niandike hadithi yangu nilivyoiandika. Lakini nadhani linachanganya mambo mawili, mshtuko na mgeuko.

Mjini Kamembe, kama kwingineko Rwanda, watu wanapenda agasobanuye, filamu za nje zinazosimuliwa kwa Kinyarwanda na msimulizi anayezungumza juu ya sauti za waigizaji. Msimulizi ameshaiona filamu. Mara nyingi hawezi kujizuia: mhusika akiingia tu, anatuambia kwamba huyu mnayemwona akicheka ni nyoka, ngojeni. Kwa nadharia ya wenzangu, watu wangesimama na kwenda zao. Badala yake wanaanza kumpigia kelele shujaa asinywe kile kikombe. Taharuki imehama tu. Awali tuliuliza nini kitatokea, sasa tunauliza yeye atajua lini.

Wazee wetu walilijua hilo bila umeme. Kisa cha Ndabaga, ambacho kila mtoto wa Rwanda amekisikia, ni cha binti ambaye baba yake amekwama kwenye utumishi wa vita kwa mfalme kwa kukosa mwana wa kiume wa kumpokea. Binti anajifunza mishale na kuruka, anakata matiti yake, anakwenda kushika zamu kama mvulana. Msimulizi angeweza kutuficha. Angeweza kutuletea kijana hodari asiye na jina, kisha mwishoni, kumbe ni msichana! Hakuna bibi aliyewahi kunisimulia hivyo. Tunajua tangu mwanzo, tunamwona akijiumiza, na kwa sababu tunajua, kila mara anaposhinda mchezo mbele ya wanaume wale tunashika roho. Anayegeuzwa na kumbe ni mfalme. Sisi tunangoja kuona atakuwa mtu wa namna gani akishajua.

Hata Aristotle, tunayemtaja katika kila mtihani, alipotafuta mfano wa mgeuko na utambuzi vinavyokuja pamoja, alichukua Edipo wa Sofokle: mjumbe anafika ili kumwondolea mfalme hofu, na maneno yaleyale ya kumtuliza ndiyo yanayomfichua. Watazamaji wa Athens walikijua kisa hicho kabla ya kukaa. Walikuja kumtazama mtu akifika mahali ambapo wao walikwisha kufika.

Sisemi msomaji lazima ajue kila kitu tangu mwanzo, kwani mwanzoni mwa Adili na Nduguze hatujui, na hilo linafaa. Nasema mwandishi achague nani asijue, na awe na sababu kutoka ndani ya maisha ya watu wale. (Kuhusu hadithi zinazoishia "kumbe ilikuwa ndoto", ambazo katika darasa letu zilikuwa nne, sina la kuongeza.)

Nikirudi kwenye hadithi yangu, naona kosa la ufundi lilikuwa pia kosa la adabu. Niliuchukua msiba ambao kuna watu kilimani kwetu wanaoamka nao kila asubuhi nikaufanya fataki ya ukurasa wa mwisho. Baada ya kulipuka sikuwa na neno hata moja la kuwapa wale wawili waliosimama na nguo za harusi. Nilijiambia kwamba ukimya ule wa mwisho ulikuwa wa kisanaa. Ukweli ni kwamba nilikimbia. Hadithi ilipaswa kuanzia pale nilipoikata.

Na siri ipo kweli, ila nilikuwa nimeiweka mahali pasipo pake. Kilima kizima hakiwezi kutojua. Wanaoweza kutojua ni sisi tuliozaliwa baadaye. Kuna wazazi wa pande zote mbili wasiowaambia watoto wao, wengine kwa aibu, wengine kwa kuwa wanataka watoto walale usingizi. Siri hiyo haihitaji mwandishi wa kuziba watu midomo, kwa kuwa watu wamejiziba wenyewe na wana sababu.

Kwa hiyo naandika upya. Msomaji sasa anajua katika aya ya pili. Mama wa binti anajua pia, amejua tangu alipomwona kijana akipanda njia ya kilima, maana anatembea kama baba yake, bega moja mbele. Asiyejua ni binti. Kuhusu kijana, nilidhani hajui, mpaka nilipofika mahali ambapo mama anamkaribisha, anampa kigoda, na kumwuliza mwene nde. Nilikuwa nimemwandalia jibu la kukwepa. Alipofungua mdomo akataja jina kamili la baba yake, taratibu, akimtazama mama usoni, na nikatambua kwamba alikuwa amepanda kilima kile ili aulizwe.

Nimekwama hapo kwa wiki tatu. Maharage yako kwenye ungo, binti yuko jikoni anachochea moto, na mama hajasema kitu.