Sifa za Mvuna Mwanga

Mwanga ukigonga kitu na kutawanyika, karibu wote hutoka na rangi ileile uliyoingia nayo. Ni fotoni moja tu katika mamilioni inayotoka imebadilika, imeiachia molekuli nishati kidogo au imeichukua kwake. C. V. Raman na K. S. Krishnan waliunasa mwanga huo Calcutta mwaka 1928, kwa jua, lenzi, machujio na macho yao. Leo tuna leza, lakini uchache ni uleule.

Uchache huo umewazaa mafundi ninaowasifu hapa: watengenezaji wa vipimio vya nyuzi za kioo, vinavyoingia kooni mwa mgonjwa au ndani ya bomba la kiwanda kuukusanya mwanga huo uliobadilika. Asiyeijua kazi atasema, ongeza leza. Tishu itaungua. Isitoshe, kioo cha silika nacho hutawanya mwanga kwa namna hiyohiyo, na leza ikizidi, kelele zake huzidi.

Kwa hiyo fundi huanzia kwenye ncha. Uzi mmoja wa kati hupeleka leza. Sita huuzunguka na kukusanya. Ule wa kati huwekewa chujio linalopitisha rangi ya leza peke yake, na takataka zote zilizookotwa njiani huishia hapo. Zile sita hupewa chujio la kinyume, linaloizuia leza mlangoni isije ikazua mengine ndani ya kioo. Kisha ncha zao husuguliwa mshazari, ili panapomulikwa na panapotazamwa pawe pamoja.

Mali bila daftari huisha bila habari, na upande wa spektromita, chombo kinachoupambanua mwanga kwa rangi zake, ndiko mwanga mwingi unakopotelea. Nyuzi sita zikifika zimekaa duara, mwanga hugonga kingo za mwanya wake mwembamba wa kuingilia. Fundi huzifumua, akazipanga safu moja wima, sambamba na mwanya. Mwanga nao hutoka ukitanuka digrii 13 hivi kila upande. Lenzi isiyoumudu mtanuko huo huumwaga pembeni.

Katika yote haya hakuna fotoni mpya hata moja iliyotengenezwa. Lakini anayekusanya maradufu huhitaji nusu tu ya muda kupata spektra yenye ubora uleule, na daktari aliyeshika kipimio juu ya kiungo kinachopumua anaijua thamani ya kila sekunde aliyopunguziwa.