Ngano na Sayansi: Lawama za Wanafunzi juu ya Silent Spring

Kitabu cha Rachel Carson, Silent Spring, kilichotolewa Marekani mwaka 1962, kikiwekwa mbele ya wanafunzi wetu wa sayansi ya mazingira huwagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza hukisifu kwa lugha yake. La pili hunung'unika kwamba kitabu cha kiada hakistahili kufunguliwa kwa ngano ya mji wa kubuni ambamo ndege wamenyamaza.

Lawama hiyo, kwa maoni yetu, haina msingi. Ngano ile ni fupi, na mwandishi mwenyewe anakiri kuwa mji huo haupo. Kisha vinafuata visa vya kweli: dawa iliyotiwa katika Clear Lake, California, ili kuua visubi, ilipanda kutoka viumbe wadogo hadi samaki, hata ndege waliowala samaki hao wakafa. Ngano inauliza, sayansi inajibu.

Iko, hata hivyo, lawama nyingine isiyofaa kupuuzwa. Msomaji wa Kisumu hamjui ndege robin wala mti elm. Na DDT kwake ni kinga ya malaria kabla ya kuwa sumu. Kweli Carson hakudai dawa zote zipigwe marufuku, tena alionya kwamba mbu huzizoea. Lakini mifano yake mingi ni ya kwao. Pengo hilo halitazibwa na tafsiri. Linahitaji kitabu cha Kiswahili kitakachoanzia Ziwa Victoria, ambako sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 alichangia kuangamiza aina nyingi za furu. Huko nako kimya kipo.