Nani Anasoma Nakala?

Mteja wangu mmoja wa mtandaoni alinitumia faili ya kurasa nne: sera yake mpya kuhusu matumizi ya AI. Iliingia saa tatu asubuhi. Kufikia saa tano, akaunti yangu ilikuwa imefungwa kwa kuivunja. Nikabaki na chai iliyopoa na kurasa nne, na kwa kuwa niliacha shahada ya fasihi mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, nilifanya kitu pekee nilichofundishwa nikakielewa. Niliisoma ile sera kama hadithi.

Kama hadithi, ni mbovu. Ina wahusika wawili tu, mwandishi na kampuni. Mwandishi ndiye anayetenda kila kitu kibaya: anadanganya, anavujisha siri, anapeleka kazi ya mashine akiiita yake. Kampuni haitendi lolote. Kazi "itakaguliwa". Malipo "yatasimamishwa". Uamuzi "utafanywa". Ilikuwa kwa Kiingereza, lakini igeuze kwa Kiswahili cha nyumbani uone inavyopwaya. Ukimwambia shosho kwamba ng'ombe atakamuliwa leo, atakuuliza na nani. Katika kurasa zote nne, hakuna "na nani" hata moja.

Mimi nilikaguliwa na programu. Makala yangu ilihusu kutunza sakafu za mbao, kwa ajili ya watu wa Kanada ambao sitawahi kukanyaga sakafu zao. Programu ikaipiga alama nyekundu: imeandikwa na AI. Makala hiyo niliiandika mwenyewe, usiku mbili, rasimu ya kwanza kwenye daftari kwa sababu stima ilikuwa imepotea. Na niseme ukweli wote, maana bila huo hii itakuwa hadithi ya malaika. Makala mbili za kabla yake niliiandikisha ChatGPT, nikabadilisha maneno hapa na pale, nikatuma. Zilipita. Nililipwa. Kwa hivyo nimeshikwa kwa wizi wa usiku ambao kwa kweli nilikuwa nimelala kwangu.

Programu hizi zinajulikana kwa hilo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu saba kati yake mwaka wa 2023, wakazipa insha za watu waliojifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Mwaka huo huo OpenAI, wenye ChatGPT yenyewe, waliiondoa programu yao ya kutambua maandishi ya AI kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Nani angeshangaa? Kiingereza changu ni cha insha za mtihani: aya zilizonyooka, viunganishi mahali pake, msamiati wa kumfurahisha mtahini. Tulifunzwa kuandika hivyo kwa kiboko. Sasa tunaambiwa hatuandiki kama watu.

Lakini hata programu ingekuwa sahihi, sera ingebaki na shimo lile lile. Inauliza nani aliandika. Haiulizi popote nani atasoma.

Mei 2025, gazeti la Chicago Sun-Times lilitoa orodha ya vitabu 15 vya kusoma msimu wa joto. Vitabu 10 kati ya hivyo havikuwepo. Isabel Allende alipewa riwaya ambayo hakuiandika. Orodha ilitoka kwa mwandishi huru, kupitia King Features, kampuni inayoyauzia magazeti makala. Mwandishi alikiri kwamba alitumia AI na hakuhakiki. Kampuni ikasema ina sera kali dhidi ya AI, ikaachana naye. Simtetei, kusifu kitabu ambacho hujakiona ni aibu, hata kabla ya AI ilikuwa aibu. Ila fuata safari ya ile orodha. Ilitoka kwake, ikapita kwa kampuni, ikafika gazetini, ambako miezi michache kabla karibu mfanyakazi mmoja kati ya kila watano alikuwa amekubali kiinua mgongo akaenda zake, na ikachapwa. Njiani kote hakuna aliyesema: ngoja kwanza, hiki kitabu nakipata duka gani? Sera kali ilikuwepo muda wote.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Bartleby. Hadithi hiyo ya Herman Melville, ya mwaka wa 1853, tulipangiwa chuoni na wengi tukasoma muhtasari tu. Niliisoma yote baada ya kuacha, kwa simu, ndani ya matatu. Ni ofisi ya wakili huko Wall Street, enzi ambazo hati hunakiliwa kwa mkono, na msimulizi ni bosi mwenyewe. Anamwajiri Bartleby, mnakili mkimya anayechapa kazi mchana na usiku. Siku chache baadaye anamwita walinganishe nakala na hati ya asili, neno kwa neno. Bartleby anakataa, kwa upole, bila kutoa sababu.

Mitandaoni Bartleby amekuwa karibu mtakatifu wa wasee waliochoka na ajira. Wanaomsifu wanaruka kitu. Alichokataa kwanza si kunakili. Kunakili aliendelea nako. Alikataa kuhakiki. Na bosi wake, baada ya kuhangaika, anazoea. Bartleby anaendelea kulipwa senti nne kwa kila maneno mia, naye uhakiki wa nakala zake unahamishiwa kwa wenzake wawili: Turkey, ambaye baada ya saa sita mchana hutapakaza wino kwenye karatasi, na Nippers, ambaye tumbo humsumbua asubuhi nzima. Bosi anatania kwamba hiyo ni heshima kwa umakini wao. Kuhusu nyongeza ya mshahara, kimya.

Soma kipande hicho leo na utaona ofisi yako. AI ni mnakili asiyesinzia, asiyeomba ruhusa ya kwenda mazishi. Ila kama alichoandika ni kweli, hilo kaachiwa mwingine. Turkey na Nippers ni sisi: mimi na sakafu zangu za Kanada, na wewe uliye huduma kwa wateja, unayepewa majibu mia yaliyoandikwa na mashine uyapitishe kabla ya chakula cha mchana. Tofauti ni kwamba bosi wa Melville anakaa chumba kimoja na watu wake, na hati ikiwa fupi huwa anaketi mwenyewe kulinganisha. Ni meneja dhaifu, lakini angalau macho yake yamegusa karatasi.

Mteja wangu hulipa kwa maneno pia. Mwaka jana alipunguza kiwango, akieleza kwamba siku hizi kuna vifaa vinavyorahisisha kazi. Akaongeza idadi: makala tatu kwa siku. Mwaka huu ndio analeta sera inayosema vifaa hivyo ni marufuku. Sasa nimtii yupi, yule wa sera au yule wa bei? Kwa bei hiyo, mtu anayeandika mwenyewe na kuhakiki mwenyewe halipi nyumba. Nilijaribu miezi miwili.

Kuna ukurasa mmoja mzuri, wa pili, unaohusu siri za wateja. Hapo sentensi zinapata watendaji: mwandishi asibandike majina ya wateja kwenye AI, msimamizi fulani ajulishwe, afanye hivi. Ni hofu ya haki. Samsung waliwazuia wafanyakazi wao mwaka wa 2023 baada ya wahandisi kubandika msimbo wa kampuni kwenye ChatGPT, na hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitanii. Kumbe wakitaka wanaweza kuandika vizuri. Wanaandika vizuri pale ambapo wao ndio wangepoteza.

Rafiki yangu aliyeajiriwa angekuwa na kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira: aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, asikizwe, mwenzake akiwa kando yake. Mimi si mwajiriwa. Nina kitufe cha kukata rufaa tu.

Nilikibonyeza. Nilipiga picha kurasa sita za daftari langu, pamoja na ile yenye doa la chai na ile niliyofuta aya nzima kuhusu siki, nikazituma zote. Jibu lilikuja haraka: ushahidi wako umepokelewa na utakaguliwa.

Nimewauliza na nani. Ni siku ya tisa leo.