Tone la Manjano

Sekunde moja kabla, mrija una majimaji maangavu usiyoweza kuyatofautisha na maji ya kunywa. Unadondosha hidroksidi ya sodiamu, na rangi inaibuka papo hapo, manjano ya bizari iliyomwagikia maji. Kazi ya saa nzima ilikuwa imekwisha kufanyika humo, ila nitrofenoli, kemikali inayobeba rangi hiyo, haijionyeshi kwenye asidi. Tone hilo moja linakizima kimeng'enya kilichofanya kazi hiyo na papo hapo linaifichua rangi.

Kinachopimwa, kwa kweli, ni njaa ya kuvu. Fosforasi nyingi udongoni imefungwa ndani ya masalia ya mimea na viumbe vingine, na kuvu haina meno wala tumbo. Hivyo humwaga vimeng'enya nje ya mwili wake, fosfatasi ikiwemo, vikakate fosfeti huko huko, kisha nyuzi zake zinyonye. Ukiilisha fosfeti tele, hujibana, haimwagi. Mpimaji naye anaitega: anaipa fosfeti iliyofungwa kwenye nitrofenoli. Kila fosfeti ikikatwa, nitrofenoli moja inabaki huru, na hiyo ndiyo inayohesabiwa kwa spektrofotomita, mashine inayopima rangi, kwenye mwanga wa nanomita 405 hivi. Mwaka 1969, Tabatabai na Bremner wa Iowa, Marekani, waliipanga njia hii kwa ajili ya udongo: gramu 1, nyuzi joto 37, saa 1. Mapishi yao yangali yanatumika.

Ugumu unaanza udongo ukiwa na metali nzito, kama risasi na shaba. Mgeni wa kazi atasema, kwa nini tuzunguke? Si tupime fosfeti yenyewe iliyokatwa? Lakini risasi na fosfeti zikikutana hushikana, zikazama kama mchanga. Utapima maji ya juu, uikute fosfeti haba, useme kuvu imelala, kumbe imekesha ikifanya kazi. Shaba nayo ina vituko vyake: ukiitia ile hidroksidi, inaweza kufanya wingu la samawati, na mashine, ambayo haina akili, inalihesabu wingu kama manjano. Ni lazima uuzungushe mrija kwenye sentrifuji kwanza. Hata bafa, mmumunyo unaozuia kiwango cha asidi kisiyumbe, huchaguliwa kwa hila. Ya fosfeti haifai, maana fosfeti yenyewe hukizuia kimeng'enya. Ya sitrati huikumbatia metali, ukadhani kuvu imestahimili sumu ambayo haikuifikia.

Mimi niliharibu siku nzima kwa sabuni. Nilikuwa nimeosha mirija vizuri, naona fahari ya usafi wangu, na manjano yakagoma kutoka. Mzee aliyetufundisha maabara aliunusa mrija mmoja, akaniuliza nimeoshea nini. Nikamwambia. "Mwanangu," akasema, "leo hukupima kuvu, umepima sabuni." Sabuni ile ilikuwa na fosfeti. Tangu siku hiyo vyombo vyangu hulala kwenye asidi, vikaamka kwa maji yaliyochujwa.

Lakini mahali ninapomvulia fundi kofia ni pale anapopata manjano hafifu na bado hasemi neno. Metali imekilemaza kimeng'enya chenyewe, au imeidhoofisha kuvu hata ikashindwa kukitengeneza? Rangi ni ile ile. Basi anaandaa safu mbili: moja kuvu imekulia ndani ya risasi, nyingine imekulia pasafi na risasi inatiwa mrijani tu, juu ya kimeng'enya kilichokwisha kutolewa. Kisha anakausha nyuzi, anazipima, anazirudisha kwenye joto, anazipima tena mpaka uzito ugome kushuka. Hapo hugawa kiasi cha nitrofenoli kwa uzito huo. Mara nyingine kuvu iliyodumaa, iliyoonekana mvivu, gramu kwa gramu inamwaga kimeng'enya kingi kuliko ile iliyonona. Bila mzani usingejua.

Huko Dundee, Uskoti, Geoffrey Gadd na wenzake waliikuza kuvu iitwayo Aspergillus niger kwa fosfeti ya kikaboni, wakaitia risasi. Fosfeti iliyokatwa iliinasa risasi, ikaigeuza kuwa madini ya piromofiti, yasiyoyeyuka kirahisi. Ukifikiria udongo wa Kabwe, Zambia, ambako risasi ilichimbwa kwa miongo mingi hadi 1994, unaelewa kwa nini mtu ahangaike na tone la manjano.

Mzee yule wa maabara alikuwa na desturi moja. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kuvu, alichukua chupa ya ile fosfeti ya mtego akaiinua dirishani, maana ikikaa sana hujikatikia yenyewe. Siku moja aliiangalia kwa muda mrefu. Sisi hatukuona kitu. Akaimimina yote kwenye chupa ya taka, akaketi mbele ya mzani, akaanza kupima unga upya, miligramu kwa miligramu, na sisi mirija yetu ikiwa tayari imepangwa.