Injini ya Kufungulia Chini ya Mwembe

Pikipiki ikizimika kwenye mlima kati ya Baraka na Fizi, au ndani ya rasi ya Ubwari kwenye Ziwa Tanganyika, ambako boti ndiyo usafiri wa kila siku, hutapata gari la kuja kukuvuta. Upo wewe, mfuko wako wa spana, na fundi wa kijiji aliyejifunza kazi kwa kumtazama fundi mwingine. Ndiyo maana injini ipi ni rahisi kutengeneza ni swali linaloamua kama mgonjwa atafika hospitali na kama mihogo itafika sokoni.

Nitazipima injini zetu kwa vigezo vitatu. Je, unaufikia ubovu kwa spana za kawaida? Je, unaweza kuifunga tena bila kuharibu mpangilio wake? Na je, inasamehe makosa?

Tuanze ziwani. Yamaha Enduro ya farasi 40, iliyozoeleka katika maziwa ya Afrika, ni ya mipigo miwili. Haina kemshafti wala valvu za kusukumwa nayo, na oili yake huchanganywa na petroli, kwa kawaida lita 1 kwa lita 50. Kwa wepesi wa kuifungua, hakuna nyingine inayoifikia. Maji ya Tanganyika nayo ni baridi, hayana chumvi, hivyo boliti zake hazigandi kwa kutu kama za boti za baharini. Lakini haisamehe. Punguza oili kwenye mchanganyiko siku moja tu, pistoni inashika kwenye silinda. Mchanga wa ufukweni ukila panga la mpira linalovuta maji ya kupoza, injini inaungua mkiwa mbali na nchi kavu.

Kwenye barabara ya taifa namba 5, itokayo Uvira kupita Baraka, inayoheshimiwa ni Land Cruiser yenye dizeli ya 1HZ: silinda 6, sentimita za ujazo 4,164, pampu isiyotegemea kompyuta. Kubadilisha oili, vichujio na mikanda, au kutoa hewa kwenye njia ya mafuta, ni kazi ya nyumbani kabisa. Ila pampu ya dizeli ikichakaa inahitaji mashine ya kupimia iliyoko mjini, na mkanda wa meno unaozungusha kemshafti ukifungwa kwa kukosea, unaua injini.

Inabaki pikipiki, moto kama tuiitavyo huku, na hapa ndipo penye somo. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG 125. Kabla yake kampuni hiyo ilikuwa imejijengea jina kwa injini zenye kemshafti juu, kwenye kichwa cha silinda, ikizungushwa na cheni. Katika nchi ambako pikipiki hubeba mizigo mizito na oili hukaa bila kubadilishwa, injini hizo zilichakaa mapema, kwani oili ikipungua au ikichafuka, sehemu ya juu ndiyo hukauka kwanza. Wahandisi wakarudi kwenye mpangilio wa zamani. Waliishusha kemshafti chini, karibu na krenki na oili, wakaizungusha kwa gia badala ya cheni. Kemu moja tu husukuma valvu zote mbili, kupitia fimbo mbili zinazopanda hadi kwenye roka, mikono midogo inayobonyeza valvu.

Faida yake utaiona ukishika spana. Ukitoa kichwa cha injini ya cheni, umevuruga mpangilio wa valvu. Lazima ulinganishe alama upya, na ukikosea, valvu inaweza kugongwa na pistoni ikapinda. Kwenye CG unatoa kichwa, unachomoa fimbo mbili, na kemu inabaki palepale imeshikana na gia yake. Unabadilisha ringi au gasketi bila kuugusa mpangilio huo. Kosa lililokuwa likimwangusha fundi wa kijijini liliondolewa kiwandani.

Kurekebisha valvu nako ni kazi fupi. Injini iwe baridi. Chomoa plagi, yaani buji, zungusha krenki taratibu hadi alama ya T kwenye sumaku ilingane na alama ya kasha, na roka zote mbili ziwe zinacheza. Pitisha fila, bamba jembamba la kupimia nafasi, ya milimita 0.08 kati ya roka na valvu: ipite kwa kukwaruza kidogo. Ikibana au ikilegea, fungua nati, geuza skrubu, kaza. Kumbuka kwamba valvu iliyolegea hupiga kelele, ila iliyobana hukaa kimya huku ikiungua. Usidanganywe na ukimya.

Oili ya CG haizidi sana lita 1, na chujio ni la waya: unaliosha, unalirudisha. Kabureta nayo inaendana na esansi yetu, yaani petroli, ya chupa, ya kwa kadafi, muuza mafuta wa kando ya barabara, ambayo mara nyingine ina maji au uchafu. Unafungua bakuli la chini, unapuliza jeti, unaendelea na safari.

CG ina bei yake. Fimbo zile ni uzito unaozuia injini kuzunguka kwa kasi kubwa. Tena viwanda vingi vya China vimeinakili, na ubora wa chuma haufanani. Kwenye kasha utasoma 156FMI au 162FMJ: 1 ni silinda moja, namba mbili zinazofuata ni upana wa silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, I ni ujazo wa 125 na J ni 150. Lakini maandishi hayo hayakuambii kama ni ya fimbo au ya cheni. Tazama nyuma ya silinda: ukikuta kikaza cheni, hiyo si CG. TVS HLX na Bajaj Boxer ni za cheni. Ni imara, ila zinadai fundi makini zaidi.

Kwa njia zetu, hukumu yangu ni CG. Ndugu msomaji, kabla ya kutoa pesa, inama uikague injini, kisha nunua fila pamoja na spana zako. Na oili ibadilishe kwa wakati, hata kama injini hii inajua kusamehe.