Kuchagua Hasara

Ubavuni mwa trela la kupigia kambi, karibu na usawa wa magoti, kuna kijimlango cha bati chenye matundu ya kutolea moshi. Ukikifungua unakutana na kichomeo cha gesi, nyaya kadhaa, valvu ya shaba yenye kishikio kidogo, na chini kabisa kizibo cha kufunguliwa kwa spana. Nyuma ya hivyo vyote, likiwa limevikwa povu jeupe la kuhifadhi joto, kuna tangi la lita 23 tu. Kwenye trela kubwa ni lita 38. Hilo ndilo linalompa mtu maji moto ya kuoga katikati ya misonobari ya kaskazini mwa Minnesota, ambako asubuhi ya Septemba huhitaji sweta.

Kulitunza tangi hilo hakutaki nguvu wala shahada. Zana zenyewe zinaenea kwenye ndoo. Ninachokisifu ni akili iliyomo ndani ya kazi hii. Tumezoea kudhani kutunza kitu ni kukizuia kisiharibike. Hita ya trela inakufundisha jambo lenye ukweli zaidi: uharibifu utakuja tu, na ustadi ni kuamua mapema uangukie wapi.

Tazama tangi lenyewe. Suburban, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa hita hizi Marekani, hutumia tangi la chuma lililopakwa ndani tabaka jembamba la kioo. Tabaka hilo lingekuwa zima kila mahali, maji yasingekigusa chuma. Lakini haliwi zima. Penye maungio, kwenye nyuzi za tundu, au baada ya barabara mbovu, huwapo nyufa zisizoonekana kwa macho, na hapo ndipo kutu hutafuta mlango. Kwa hiyo kizibo cha tangi hilo kimeunganishwa na ufito wa magnesiamu, wenye urefu wa shubiri moja hivi, unaozama ndani ya maji. Magnesiamu huachia elektroni zake kwa wepesi kuliko chuma. Metali hizi mbili zikigusana na kukaa katika maji yale yale, magnesiamu huliwa na chuma husalimika. Mafundi huuita ufito huo anodi ya kafara.

Mwisho wa msimu anodi hutolewa, na hapo ndipo mtu anapopaswa kukaa chini aitazame. Ilipoingia ilikuwa nyororo, ya kijivu, yenye unene ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho. Sasa imejaa mashimo. Karibu na kizibo bado ni nene, katikati imekonda hadi waya wa chuma ulio ndani yake umejitokeza, na kwenye ncha kuna bonge linalomong'onyoka ukiligusa kwa ukucha. Imefunikwa unga mweupe unaobaki vidoleni. Desturi ni kuibadilisha ikishaliwa robo tatu. Soketi yake ni ya inchi 1 1/16, kipimo kisichopatikana katika seti nyingi za kawaida, kwa hiyo inunue kabla hujafika kambini. Nyuzi za anodi mpya huzungushiwa ule utepe mweupe wa fundi bomba, mizunguko michache basi. Mwenye kuzungusha mwingi anadhani anaziba vizuri zaidi, kumbe anauweka ufito mbali na chuma unachopaswa kukigusa.

Matangi ya Atwood, kampuni ambayo sasa imo ndani ya Dometic, ni ya alumini na hayatumii anodi. Kizibo chake ni cha nailoni. Anayekiona mara ya kwanza hudhani ni ubahili wa kiwanda. Huenda dukani akarudi na kizibo cha shaba, kizito, kinachong'aa, akaona ametengeneza. Ameharibu mara mbili. Shaba ikikaa ndani ya alumini penye maji, alumini ndiyo inayoliwa. Halafu kizibo kikikazwa kupita kiasi, kitu laini kuliko kingine ndicho kinachokatika nyuzi. Kwa nailoni utatupa kizibo cha bei ya soda, kwa shaba utatupa tangi. Unyonge wa kile kizibo ulikusudiwa.

Wazo hili ni la kale kuliko matrela. Miaka ya 1820 Humphry Davy, mwanakemia Mwingereza, alitakiwa na wakuu wa jeshi la majini atafute njia ya kuzuia maji ya chumvi yasile mabamba ya shaba yaliyofunika matumbo ya meli zao. Akafunga vipande vidogo vya zinki au chuma kwenye shaba, akisaidiwa katika majaribio na kijana Michael Faraday. Shaba ikaacha kuliwa. Furaha haikudumu. Meli zikaanza kuota majani ya bahari na viumbe vya magamba vinavyonata miambani, zikawa nzito, zikapungua mwendo. Ikadhihirika kwamba ile shaba iliyokuwa ikiyeyuka kidogo kidogo ndiyo iliyokuwa sumu ya kuvifukuza viumbe hivyo. Davy alikuwa ameokoa metali na kupoteza kazi iliyokuwa ikifanywa na hasara yake, na vile vipande vikaondolewa. Mabaharia wa majahazi ya pwani yetu walikuwa na hesabu yao kuhusu jambo hilo hilo: walipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, sehemu ya chombo inayokaa majini, wakijua kwamba itakwisha na itapakwa tena. Leo meli za chuma zinazotia nanga Mombasa na Dar es Salaam hubeba vipande vya zinki chini ya maji, na hakuna anayekumbuka jina la Davy wakati wa kuvibadilisha.

Anodi ya magnesiamu nayo hudai bei yake, kama zinki ya Davy ilivyodai. Trela likisimama uani wiki tatu na maji ndani ya tangi, ukifungua bomba la moto unaweza kukaribishwa na harufu ya yai viza. Kuna bakteria wanaoishi bila hewa ambao huigeuza salfeti iliyomo majini kuwa haidrojeni salfaidi, na magnesiamu inayoliwa huwarahisishia mambo. Wengine hukimbilia kuing'oa anodi wasiirudishe. Harufu hupungua, ni kweli, na chuma hubaki bila wa kukitetea. Tiba yenye adabu ni kulimwaga tangi, kisha kutia jiki isiyo na manukato katika tangi la maji safi, kiasi cha robo kikombe kwa kila lita 57, kuyapitisha maji hayo kwenye mabomba yote na hita pia, kuyaacha saa nne hivi, na kuyasuuza hadi harufu ya jiki iishe. Wanaosumbuliwa sana hubadili anodi ya magnesiamu kwa ya alumini. Bora zaidi ni kulimwaga tangi kila unaporudi safari ikiwa hutatoka tena karibuni. Huo ni utunzaji wa kati ya safari, na ndio watu wanaouruka, kwa sababu baridi haijaja kuwatisha.

Lita 23 zikishatoka, tia mpira mwembamba wa kusuuzia kwenye tundu na uupige maji kila upande. Maji ya ardhini ya Minnesota yana chokaa nyingi, na tangi likisuuzwa hutema vipande vyeupe vinavyofanana na vya ndani ya birika la chai. Rudia hadi yatoke safi.

Oktoba ndiyo mwezi wa mtihani. Baada yake kutakuja usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri, na Januari haijali trela lako ulilinunua kwa mkopo au kwa taslimu. Kwanza hita inazimwa, gesi na umeme, na kuachwa ipoe kabisa. Pampu inazimwa, maji ya nje yanafungwa, kishikio cha valvu kinainuliwa ili presha itoke. Hapo ndipo kizibo kinafunguliwa. Anayegeuza mpangilio huu na kutoa kizibo tangi likiwa la moto na lenye presha atapigwa na maji yanayounguza, na kizibo kitaokotwa mbali.

Hata likimwagwa vizuri, tangi huwa na maji kidogo yanayobaki, maana tundu liko juu kidogo ya sakafu yake. Yaache. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na kwenye tangi tupu yana pa kutanukia. Maji hayapasui kwa wingi wake. Hupasua yakikosa nafasi. Ndiyo maana kikombe kimoja kilichosahaulika ndani ya bomba jembamba la bafuni huleta gharama kubwa kuliko lita nzima iliyolala chini ya hita.

Mabomba membamba ndiyo yanayohitaji ile dawa ya pinki. Ni propilini glaikoli, si ethilini glaikoli ya kwenye rejeta za magari, ambayo ni sumu na haipaswi kukaribia bomba la kunywea. Kabla ya kuivuta kwa pampu lazima hita itengwe. Nyuma yake, mara nyingi chini ya kitanda au nyuma ya ubao wa kabati, kuna koki zinazoyapitisha maji kando bila kuingia tangini. Ukisahau kuzigeuza, galoni sita za kwanza za dawa, yaani zile lita 23, zitaishia kulijaza tangi, wakati galoni mbili au tatu zingetosha trela zima. Jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu ufundi wa magari, kila vuli hulala chali chini ya kitanda cha trela lake, tochi mdomoni, akizisoma koki tatu kwa vidole: iliyolala sambamba na bomba iko wazi, iliyokingama imefungwa. Alikwisha kuziona kwa macho. Bado anazishika.

Wapo wanaopendelea kupuliza mabomba kwa kompresa, presha isizidi 40 hivi kwa kipimo cha paundi. Ni njia safi na haiachi ladha. Mimi niko upande wa dawa, kwa sababu naiona: bomba la jikoni, baridi kisha moto, linakohoa hewa, linatoa maji, kisha linageuka pinki. Bafu. Choo. Na lile bomba la kuogea la nje, ambalo husahauliwa na karibu kila mtu mara moja.

Majuzi rafiki yangu wa Columbus, Ohio, mtu wa Kigoma, alinipigia simu akiwa na huzuni.

"Kaka, hita inavuja. Nimeambiwa ninunue nyingine."

"Inavujia wapi?"

"Pale kwenye kishikio cha juu. Ikipata moto inadondosha, ikipoa inaacha."

"Basi usinunue kitu, bwana. Imekosa hewa tu."

Maji yakipashwa kutoka nyuzi 15 hadi 60, lita 23 huongezeka kwa zaidi ya theluthi moja ya lita. Nyongeza hiyo hupokewa na hewa iliyobaki juu ya tangi, ambayo hubanwa bila kinyongo. Kadiri muda unavyokwenda, maji huila hewa hiyo kidogo kidogo. Ikiisha, presha hupanda, na valvu, iliyowekwa ifunguke presha ikifika paundi 150 au joto likifika nyuzi 99, hudondosha. Inamwaga matone ili tangi lisipasuke. Nilimwambia azime hita, aiache ipoe, afunge maji yanayoingia, afungue bomba la moto la jikoni, kisha ainue kishikio na kusubiri hadi maji yaache kutoka. Kiachiwe kirudi chenyewe, bomba lifungwe, maji yafunguliwe tena. Alinipigia jioni. Alikuwa ameoga.

Kichomeo nacho kinataka jicho. Buibui na nyigu hupenda kujenga ndani ya mrija wa gesi, na wenye matrela husema harufu inayotiwa kwenye gesi ndiyo inayowavuta. Utando mmoja unatosha kuzigeuza ndimi za buluu kuwa za njano zenye masizi. Piga burashi mrija, angalia rangi ya moto, funga kijimlango.

Majira ya kuchipua yana amri moja inayozidi nyingine zote: usiwashe koili ya umeme kabla tangi halijajaa. Koili iliyo hewani huungua kwa muda mfupi kuliko unaotumia kutamka kwamba umesahau. Koki za nyuma zirudishwe, bomba la moto lifunguliwe hadi liache kukohoa na maji yatoke mfululizo, ndipo swichi iguswe. Wengine hubandika kipande cha tepu juu ya swichi tangu Oktoba. Ni ujanja mdogo, na ni mzuri.

Watu wanaotafuta trela lililotumika huniomba niandamane nao, na huwa wanashangaa kuona nalipita jiko, nalipita godoro, naenda moja kwa moja kwenye kile kijimlango na soketi yangu. Anodi iliyoliwa nusu hunituliza: mwenyewe aliibadilisha, na kazi inafanyika. Iliyobaki waya mtupu inaniambia kuwa tangi limekuwa likijilipia kwa mwili wake, na hapo bei lazima ishuke. Mpya kabisa, yenye kung'aa, haisemi lolote, kwa hiyo namwuliza muuzaji aliiweka wapi ya zamani. Anayeitia wasiwasi roho yangu zaidi ni yule anayenionyesha kwa fahari anodi ya misimu mitano isiyo na hata shimo moja, kisha akaapa kwamba trela hilo halikuwahi kukosa safari.